Sura ya Tano: Unakaa Wapi, na Kwenu ni Wapi?

Watu wawili wakizoeana kwenye basi huulizana, "Unakaa wapi?" Mbagala. Kituo kimoja mbele: "Na kwenu?" Songea. Hakuna anayeona kuwa mjibuji amejikanusha. Sheria za uchaguzi wa madiwani, kwa bahati mbaya, zina nafasi ya jibu moja tu kwenye fomu, na ugomvi wote wa sura hii umeanzia hapo.

Tuanzie Chicago. Baraza la jiji lile lina madiwani 50, kila mmoja na kata yake. Sheria ya jimbo la Illinois inamtaka mgombea wa nafasi yoyote ya jiji awe mpiga kura wa hapo, na awe amekaa jijini mwaka mzima kabla ya uchaguzi. Diwani awe amekaa katika kata yenyewe. Tena asiwe na deni la kodi kwa manispaa, wala asiwe na hatia ya rushwa au kosa jingine kubwa. Haya mawili ya mwisho hayasumbui sana. Deni lina hati, hukumu ina jalada. Lakini kukaa mahali kunathibitishwaje?

Mwaka 2010 swali hilo lilimwangukia Rahm Emanuel. Alikuwa mbunge wa Chicago, kisha Rais Obama akamwita Washington awe mkuu wa watumishi wa Ikulu. Familia ilimfuata, nyumba yao ya Chicago wakaipangisha. Oktoba 2010 aliacha kazi ili agombee umeya katika uchaguzi wa Februari 2011, na mpangaji akakataa kuhama kabla mkataba haujaisha. Mwenye nyumba ikambidi akapange kwingine. Wapiga kura waliompinga walikuwa na hoja ambayo hata mtoto angeielewa: mtu ambaye nyumbani kwake analala mwingine, atasemaje kuwa alikuwa akikaa hapo?

Tume ya uchaguzi ya jiji ilimhoji, na wananchi wa kawaida walipewa nafasi ya kumbana kwa maswali. Ndipo yakatajwa maboksi. Familia ilikuwa imeacha vitu katika chumba cha chini cha nyumba ile, likiwemo gauni la harusi la mkewe. Wapinzani walitaka kujua kama kweli yapo. Unaweza kucheka, lakini walijua wanachotafuta. Nia ya mtu haionekani, kwa hiyo sheria huikisia kwa vitu alivyobeba na alivyoviacha.

Tume ilimpitisha. Januari 24, 2011, mahakama ya rufaa ikamwondoa, majaji wawili dhidi ya mmoja. Wao walitenganisha mpiga kura na mgombea: mpiga kura aliyesafiri kwa kazi ya serikali kuu hapotezi makazi yake, ila mgombea lazima awe ameishi pale kwa mwili wake. Siku tatu baadaye Mahakama ya Juu ya Illinois ikamrudisha, majaji wote saba. Ilirejea kesi ya mwaka 1867, ya jaji aliyehamia Tennessee na familia yake, kisha akarudi. Alipoondoka alikataa kuuza vitabu vyake vya sheria, akisema huenda akavihitaji akirejea. Vitabu vile na gauni lile vinasema jambo moja. Makazi yakishapatikana huendelea kuwepo hadi mtu ayaache kwa nia, na anayedai kuwa yameachwa ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Emanuel alishinda uchaguzi bila duru ya pili.

Kwangu, mahakama ya juu ilikuwa sahihi kisheria, ingawa nawaelewa walioudhika. Waliuliza "unakaa wapi?" wakajibiwa "kwetu ni hapa."

Kwa nini sharti lenyewe liwepo? Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta sharti la Tennessee la kumtaka mpiga kura awe amekaa jimboni mwaka mzima. Kwa wagombea mahakama zimekuwa na mkono laini zaidi, kwa hoja kwamba watu wapate muda wa kumjua anayewaomba kura, naye aijue mitaro yao. Ajabu ni kwamba katiba ya nchi hiyo haimlazimishi mbunge wa Baraza la Wawakilishi kukaa katika wilaya yake ya uchaguzi; inatosha awe mkazi wa jimbo lake. Ni diwani, mwenye eneo dogo, anayefungwa kamba fupi. Hata hivyo kata huchorwa upya, na mpaka unaweza kumhama mtu aliyelala kitanda kilekile. Illinois imeliona hilo: baada ya mipaka kubadilishwa, diwani anaweza kugombea kata yoyote yenye kipande cha kata aliyokuwa akikaa.

Nyumbani kwetu majirani wamepita njia tofauti. Tanzania, Sheria ya Uchaguzi wa Serikali za Mitaa, Sura ya 292, iliyotumika hadi ilipotungwa sheria mpya ya 2024, ilimtaka diwani awe mkazi wa kawaida wa eneo la halmashauri. Eneo la halmashauri, si lazima kata. Kenya, Ibara ya 193 ya Katiba ya 2010 inamtaka mwakilishi wadi awe mpiga kura aliyeandikishwa, na kama ni mgombea huru, aungwe mkono na wapiga kura 500 wa wadi hiyo. Kuhusu anakolala, ibara hiyo haisemi neno. Kazi ya kukagua maboksi imeachiwa wapiga kura wenyewe, na kwenye kampeni huifanya kwa sauti: "Huyu tulimwona lini mara ya mwisho?"