Utakula nini wakati unajifunza? Mfano wa wafundishaji wa farasi



Kuko ulizo moja lenye vijana wa miji yetu ya mgodi wanauliza kila mara: «Ninataka kujifunza kazi, lakini nitakula nini wakati ninajifunza?» Ni ulizo la kweli. Kijana anaingia garaji kujifunza umekanika, mwingine anaingia kwa fundi wa kushona. Mkubwa wa kazi anamwambia: «Miaka mitatu, kisha utakuwa fundi.» Miaka mitatu! Na jioni ile ile rafiki yake anarudi kutoka kwenye shimo na feza mfukoni. Mama nyumbani anauliza: «Mutoto yangu, wewe unaleta nini?» Wengi wanaacha hapo. Hawaachi kwa uvivu, wanaacha juu ya njaa.

Leo tutajibu ulizo hilo kwa mfano wa kazi ambayo wengi wenu hamujaiona: kazi ya kufundisha farasi. Kwa nini farasi? Kwa sababu katika kazi ile kujifunza ni kurefu, feza ya mwanzo ni kidogo, na hakuna diploma yenye kutosha peke yake. Wale waliofika mbali walipashwa kupata mkate wa kila siku huku wanajifunza. Namna walivyofanya inaweza kumsaidia kijana yeyote.

KWA NINI KWETU FARASI NI WACHACHE

Hapa kwetu mtoto anaweza kufika miaka kumi na minane bila kumuona farasi isipokuwa katika picha. Sababu moja kubwa ni mbung'o, ile inzi yenye kuleta malale kwa watu. Kwa wanyama inaleta ugonjwa unaoitwa nagana, na farasi akiupata, mara nyingi anakufa. Kuko tena ugonjwa mwingine unaoua farasi sana katika Afrika, wenye kuletwa na vijidudu vidogo vya kuruka. Kwa hiyo mababu zetu walibeba mizigo kichwani.

Lakini katika Ireland, Uingereza, Ufaransa, Marekani, na hata Afrika ya Kusini, farasi ni kazi ya watu maelfu. Kuko farasi wa mashindano ya mbio, farasi wa kuchunga ng'ombe, farasi wa kuruka vizuizi, na farasi wa watu wanaopanda kwa furaha tu.

KUFUNDISHA FARASI NI KUFANYA NINI?

Farasi ni mnyama wa kukimbia. Macho yake yako pembeni ya kichwa, anaona karibu pande zote, isipokuwa nyuma yake kabisa na mbele ya pua karibu sana. Ukimfikia kwa nyuma bila kusema kitu, anaweza kupiga teke lenye kuvunja mfupa. Ana uzito wa kilo 500 hivi. Huwezi kumshinda kwa nguvu, hata ukiwa na mikono ya mchimbaji.

Basi mfundishaji anafanyaje? Anavuta hatamu kidogo, au anasukuma kidogo kwa mguu, na anangoja. Mara farasi akijaribu kufanya vizuri, hata kama ni hatua moja tu, anaacha kuvuta saa ile ile. Farasi anajifunza pale penye mkono kulegea. Mwenye kukawia kulegeza anamfundisha farasi vibaya, na yule farasi ataingia kwa mtu mwingine akiwa na woga au ukaidi.

Sasa ujiulize: jambo la namna hii unaweza kulijifunza katika kitabu? Kitabu kinasaidia, lakini mkono unajifunza kwa farasi mia moja, mia mbili, wenye tabia mbalimbali. Na farasi mia moja si wako, ni wa watu wengine. Ndiyo maana mwenye kutaka kazi hii anapashwa kuingia kwanza katika zizi la mtu mwingine, alipwe juu ya kazi ya chini, na kupitia kazi hiyo awafikie farasi.

NJIA YA ZIZI LA MBIO

Tuanze na mtu mmoja wa Ireland, Aidan O'Brien, aliyezaliwa mwaka 1969. Baba yake alikuwa mkulima mwenye kufuga farasi wachache. Kijana alipoacha masomo, hakuanza kama mfundishaji. Alipalilia matunda shambani kwa mtu, kisha aliendesha ile mashine ya kuinua mizigo katika dépôt, sawa vile vijana wetu wengi wanavyofanya katika makampuni. Kisha akaingia kazi katika zizi, na baadaye kwa mfundishaji mwenye jina kubwa, Jim Bolger. Alikaa kwake zaidi ya miaka mitatu, akifanya kazi ya mtu mwingine kwa mshahara wa mtu mwingine.

Mwaka 1993 akapata ruhusa yake mwenyewe ya kufundisha. Mwaka 1996 wenye zizi la Ballydoyle wakamwita aongoze farasi wao. Mwaka 2017 farasi wake walishinda mashindano 28 ya daraja la kwanza kabisa katika mwaka mmoja, na mfundishaji wa Marekani aliyeshika hesabu ya kwanza mbele yake alikuwa amefikia 25. Watu wanatazama ile 28. Sisi tutazame ile miaka ya mashine na ya zizi la Bolger.

Kazi ya zizi ni nini? Ni kuamka mbele ya jua. Unaondoa mavi na majani yenye kuloa, unaleta maji, unapima chakula, unapapasa miguu ya kila farasi kusudi ujue kama kuko uvimbe au moto. Kisha tandiko, kisha kumpeleka farasi kwenye mazoezi, kumwosha, kumrudisha. Jioni unaanza tena. Farasi hajui siku ya sikukuu.

Mtu asiyejua ataona mavi tu. Lakini mwenye akili anaona kitu kingine: kila asubuhi anashika miguu ya farasi wengi, na anaona namna mkubwa wake anavyoamua. Huyu atakimbia leo, huyu atapumzika, huyu hakumaliza chakula chake, kwa nini? Hayo ndiyo masomo yenyewe, na anayasoma huku analipwa.

Katika mji wa Newmarket, Uingereza, kuko shule ya kazi hiyo tangu 1983. Inapokea hata vijana wasiojua kupanda. Wanalala pale pale, wanajifunza kwa majuma kadhaa, kisha wanaingia katika mazizi kwa mshahara na wanaendelea kujifunza. Tena Uingereza kuko desturi nzuri: farasi akishinda, sehemu ya zawadi inagawiwa watumishi wa zizi. Mwenye kusafisha naye anapata kitu siku ya kushinda.

Na kijana akitaka baadaye kuwa mfundishaji mwenye ruhusa? Anapashwa kufuata masomo ya kazi hiyo, kuonyesha kwamba amefanya kazi katika zizi kwa kweli, kuonyesha feza za kuanzia, na zizi lake linakaguliwa. Mtu aliyekimbia miaka ya chini hana la kuonyesha.

NJIA YA MALISHO YA NG'OMBE

Njia ya pili iko Marekani. Buck Brannaman alizaliwa mwaka 1962. Baba yake aliwafundisha yeye na ndugu yake kucheza na kamba ya kushikia ng'ombe, wakaonekana hata katika televisheni. Watu walipiga makofi, kumbe nyumbani baba alikuwa anawapiga watoto vibaya sana. Mama yao alipokufa, mambo yakazidi. Mwalimu wa michezo shuleni akaona alama mgongoni, watoto wakaondolewa kwa baba, wakapelekwa kwa jamaa nyingine iliyowalea, ya Forrest na Betsy Shirley, katika Montana.

Yule baba mlezi hakumwita kijana kwa maneno mengi. Alimpa glavu za kazi, wakaenda pamoja kutengeneza uzio. Wazazi, musikilize vizuri hapa. Mtoto aliyevunjika alianza kusimama tena siku alipopewa kazi kando ya mtu mzima mwenye upole.

Alipokuwa kijana, Buck alipata mkate wake katika mashamba ya ng'ombe. Pale farasi ni chombo cha kazi, na farasi wachanga wanapashwa kufundishwa kila mwaka. Akamjua Ray Hunt (1929–2009), aliyekuwa amejifunza kwa mzee Tom Dorrance (1910–2003). Wazee hawa walifundisha watu kumsikiliza farasi kuliko kumvunja. Buck akatumia kila farasi wa patron wake kama daftari ya shule. Tangu miaka ya 1980 akaanza kuzunguka na kufundisha watu pamoja na farasi wao kwa malipo. Robert Redford alimwita amsaidie katika filamu yake ya mwaka 1998, na mwaka 2011 filamu nzima ilitolewa juu ya maisha yake.

KAZI ZA PEMBENI ZENYE KULIPA

Wengi wanaojenga jina katika kufundisha hawangoji farasi wa kufundisha tu. Wanashika kazi nyingine ndani ya mazizi yale yale:

– Kupiga viatu vya farasi. Kwato zinakua kama kucha zetu. Kila majuma 6 mpaka 8 fundi anapashwa kuzikata na kuweka viatu upya. Hii ni feza yenye kurudi kila mara. Lakini katika Uingereza sheria inaomba fundi huyo ajifunze miaka kadhaa na kuandikwa.

– Kulinda farasi wenye mimba usiku. Mimba ya farasi ni miezi kumi na moja hivi, na wengi wanazaa usiku. Mashamba yanalipa mtu wa kukesha katika majira ya kuzaa.

– Kutayarisha farasi wa mwaka mmoja kwa soko. Majuma mengi unatembea nao kwa kamba, unawasugua, unawazoeza watu. Ni kufundisha kabisa, hata kama hakuitwi hivyo.

– Kupanda farasi wa wengine katika mazoezi ya asubuhi, kisha mchana kufanya kazi nyingine.

Munaona? Kazi hizi zote zinamweka karibu na farasi na karibu na wenye farasi. Mwenye farasi anamwona kijana kwa macho: anafika mapema, hapigi mnyama, hasemi uongo juu ya jeraha. Siku moja anamwambia: «Nina farasi mmoja mgumu, jaribu naye.» Hapo ndipo kazi ya ufundishaji inapoanza. Mfundishaji mwenye jina analipwa na wenye farasi kwa siku, kwa kila farasi, na katika mbio za Marekani desturi ni kumpa pia karibu asilimia 10 ya zawadi farasi akishinda.

UJIHADHARI NA PATRON WA NAMNA HII

Tusidanganyane, katika mazizi kuko wapatroni wabaya, sawasawa na kwetu. Kuko mwenye kumwambia kijana: «Fanya kazi bure, mimi nitakufundisha.» Miezi inapita, kijana anabeba mavi kutoka asubuhi mpaka usiku, na somo hata moja hapati. Hiyo si shule.

Kama malipo yako ni masomo, basi masomo yahesabiwe kama feza: mara ngapi kwa juma, saa ngapi, na nani, kwa miezi mingapi. Muyaandike katika karatasi mbele ya mtu mzima wa jamaa. Uulize pia: nikivunjika mguu, nani atalipa hospitali? Farasi anavunja watu, kama vile shimo linavyowaangukia watu. Kazi yenye hatari bila mtu wa kujibu juu ya mgonjwa, uikatae hata kama patron ana jina kubwa.

Tena, ukipata mazizi mawili, moja lenye mshahara mkubwa kidogo, na lingine lenye mwalimu mwema na mshahara wa kutosha chakula, chagua la mwalimu. Lakini tunasema «wa kutosha chakula»! Mwenye njaa hajifunzi, na jamaa yenye njaa haitamwacha ajifunze.

KWETU NYUMBANI

Kijana, pengine hutagusa farasi hata siku moja. Lakini garaji, cherehani, umeme na useremala vina njia ile ile. Tafuta kazi ya chini yenye kulipa kidogo ndani ya nyumba ya ufundi unaoutaka, kusudi mkate na masomo vitoke mlango mmoja. Mwenye kuosha vipande vya motere kwa mekanika anaona motere ikifunguliwa kila siku. Mwenye kuuza kadi za simu upande wa pili wa mji anapata feza pengine zaidi, lakini jioni hajui motere.

Wazazi, na ninyi munapashwa kusaidia. Musimwulize tu mtoto «umeleta nini?» Mumwulize pia «leo umejifunza nini?» Akijibu vizuri miezi sita mfululizo, mumvumilie, hata kama sahani ni ndogo. Akikosa la kujibu, muende naye kwa patron mukaulize kwa heshima.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Katika mtaa wetu, ni fundi gani mwenye kufundisha vijana kwa kweli, na tunajuaje?
2. Jamaa yetu inaweza kuvumilia mshahara mdogo wa mwenye kujifunza kwa miezi mingapi? Tuhesabu pamoja.
3. Ni kazi gani ndogo yenye kulipa iliyo karibu na ufundi ambao mtoto wetu anautaka?