Mbwa wako kazaa? Wiki nane za kwanza ndizo zinazoamua

Igalula, Uyui. Huku kwenye mashamba ya tumbaku na misitu ya miombo, mbwa ana kazi. Analinda mbuzi, anabweka usiku, anatangulia porini watu wakienda kurina asali. Lakini akizaa, wengi tunamwachia mwenyewe: "Mbwa anajua kulea bwana."

Kweli anajua. Ila kuna mambo hawezi bila wewe, na moja linagusa uhai wa watoto wako wa nyumbani. Iwe mbwa wa kienyeji au spaniel wa mjini mwenye masikio marefu, malezi ni yale yale.

Siku 14 za kwanza: joto na maziwa

Mtoto wa mbwa huzaliwa haoni wala hasikii. Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na 14, masikio baada ya hapo kidogo. Pia hawezi kujipasha joto, na baridi inaua haraka. Usiku wa Juni na Julai Tabora si mchezo. Tafuta boksi au kona kavu isiyopitisha upepo, tandika magunia au nguo kuukuu, badilisha zikilowa.

Hakikisha kila mmoja kanyonya ndani ya saa 12 za mwanzo, kwa sababu maziwa yale ya kwanza yana kinga. Ukimkuta analia muda wote na mwili ni wa baridi, mpashe joto kwanza, ndipo umrudishe kwenye chuchu.

Mama akifa, usikimbilie maziwa ya ng'ombe, yanaharisha. Muulize daktari wa mifugo maziwa mbadala. Wakati wa kumnywesha, mlaze kifudifudi. Ukimlaza chali kama mtoto mchanga, maziwa yanaweza kuingia mapafuni. Akishashiba, mpanguse chini ya tumbo kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu ili akojoe. Mama yake huifanya kazi hiyo kwa kumlamba.

Mama naye ale

Anayenyonyesha anaweza kuhitaji chakula mara mbili hadi tatu ya kawaida yake. Ugali mtupu hautoshi. Ongeza dagaa, mabaki ya nyama au mayai, na maji muda wote. Porini huku kuna mbung'o pia. Akikonda ghafla na macho yakawa na ukungu, aangaliwe ugonjwa wa nagana.

Wiki ya 3 hadi ya 8: chakula, minyoo na adabu

Kuanzia wiki ya 3 au 4 waonjeshe chakula laini kidogo kidogo huku wakiendelea kunyonya. Dawa ya minyoo huanza wiki ya 2, kisha hurudiwa kila baada ya wiki mbili mpaka waache kunyonya. Usiiruke, maana minyoo ya mbwa huweza kuwapata watoto wanaocheza chini. Na usiwapake dawa ya kuogeshea ng'ombe ili kuua kupe, inaweza kuwaua wao.

Huu ndio umri wa kumzoesha watu, mbuzi, kuku na kelele za pikipiki. Mtoe nje kila akiamka na kila akimaliza kula, atajifunza kujisaidia huko. Akifanya vizuri, msifie na umpe kipande cha chakula. Aking'ata mkono, acha kucheza naye. Fimbo inamfundisha woga, na mbwa mwoga ndiye mwepesi wa kung'ata.

Jirani akitaka mmoja, mwambie asubiri wiki 8. Anayetolewa mapema anakosa maziwa, na anakosa pia kufundishwa na mama na ndugu zake kwamba kung'ata kunauma.

Chanjo: usimwache nyumbani mdogo

Kuna imani kwamba mtoto wa mbwa hahitaji chanjo ya kichaa mpaka akue. Lakini Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kwamba siku za kampeni mbwa wote wachanjwe, pamoja na wadogo. Kwa hiyo gari la chanjo likifika kijijini, wabebe wote kwenye ndoo. Wakifika miezi mitatu, muulize afisa mifugo wa kata kuhusu kurudia.

Sababu ni hii: karibu asilimia 99 ya watu wanaopata kichaa cha mbwa huambukizwa na mbwa, na dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa.

Mtoto aking'atwa au kukwaruzwa na mbwa, hata kama ni kadogo kanachocheza tu, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, bila kusubiri kuona mbwa atakuwaje. Wakimwanzishia sindano, amalize zote.