Sauti Nyingi, Kundi Moja: Lahaja Nafsi katika Katuni za Zamani za Makundi ya Mashujaa

Ikisiri

Makala hii inachunguza dhima ya lugha katika ujenzi wa makundi ya mashujaa kwenye katuni za Marekani zilizochapishwa kati ya mwaka 1940 na 1976. Hoja kuu ni kwamba kundi la mashujaa halijengwi na wingi wa nguvu za wanachama wake bali na mgawanyo wa sauti zao. Makala inaonesha jinsi usemi ulivyohama kutoka kutoa taarifa hadi kubeba lahaja nafsi, kisha inajadili mtihani ambao sauti hizo zinampa mfasiri wa Kiswahili, na mwisho inatazama namna katuni hizo zilivyowapa wahusika wa Kiafrika majina lakini zikawanyima lugha.

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa ushujaa katika fasihi ya Kiswahili umemzoea shujaa anayesimama peke yake. Fumo Liyongo ni mfano ulio karibu: nguvu ni zake, hila ni zake, na hata siri ya kifo chake ni yake. Watu wanaomzunguka humsaidia, humwogopa au humsaliti, lakini hawagawani naye ushujaa wenyewe. Katuni za makundi ya mashujaa zinazua swali la namna nyingine. Iwapo kila mmoja kati ya watu watano au wanane ana nguvu zipitazo za binadamu wa kawaida, ni kitu gani kinachowafanya wawe kundi badala ya kuwa orodha?

Jibu la haraka huwa ni picha: mavazi yanayofanana, ukumbi wa mikutano, adui mmoja. Makala hii inashikilia kwamba jibu hilo halitoshi. Katuni ni matini ya njia mbili, picha na maneno, na katika katuni za makundi kazi ya kutofautisha na kuunganisha wahusika iliangukia zaidi upande wa maneno. Dai hili linaweza kupimwa kwa jaribio rahisi la ubadilishanaji. Vifunikwe vichwa vya wasemaji, vibaki viputo vya usemi peke yake. Je, msomaji anaweza kutambua nani anasema? Jibu la swali hilo lilibadilika sana katika kipindi kinachochunguzwa hapa.

2.0 Kundi kama Baraza la Wasimulizi

Kundi la kwanza la mashujaa katika katuni za Marekani, Justice Society of America, lilijitokeza katika jarida la All Star Comics, toleo la 3, la majira ya baridi ya mwaka 1940. Mwandishi alikuwa Gardner Fox na mhariri Sheldon Mayer. Jambo la kuzingatia ni kwamba katika toleo hilo mashujaa hawapigani pamoja. Wanaketi mezani kwa chakula, na kila mmoja anasimulia kisa chake. Visa hivyo ni sura zinazojitegemea, na katika kila sura shujaa yuko peke yake kama alivyokuwa katika jarida alikotoka.

Huo ni mfumo wa hadithi ndani ya hadithi, ambao wasomaji wa Kiswahili wanaufahamu kupitia Alfu Lela Ulela. Mfumo huo ulikuwa na sababu ya kibiashara: msomaji alinunua jarida moja akawapata mashujaa wa majarida kadhaa. Hata hivyo, ulikuwa na matokeo ya kimuundo pia. Kundi lilikuwa kikao, si kitendo. Katika matoleo yaliyofuata wanachama walipewa kazi moja, lakini mpangilio ulibaki ule ule: wanakutana, wanatawanyika kila mmoja na sura yake, wanakutana tena kufunga hadithi. Mashujaa hao walidumu katika jarida hilo hadi toleo la 57 la mwaka 1951, kisha jarida likageukia hadithi za wachunga ng'ombe wa magharibi ya Marekani.

Fox alirudia muundo huo mwaka 1960 alipoandika, chini ya mhariri Julius Schwartz na kwa michoro ya Mike Sekowsky, hadithi ya kwanza ya Justice League of America katika The Brave and the Bold, toleo la 28. Adui ni Starro, kiumbe mkubwa wa umbo la kiti cha pweza kutoka anga za mbali. Kundi linagawanyika kwenda sehemu mbalimbali na kukutana tena mwishoni.

Jaribio la ubadilishanaji linafeli hapa. Usemi wa wahusika katika hadithi hizi hutaja hatari, hueleza namna nguvu fulani inavyofanya kazi, na hupanga hatua inayofuata. Anayesema hutambulika kwa jambo analolitaja: anayezungumzia pete ni mwenye pete, anayezungumzia mbio ni mwenye mbio. Kitambulisho kikiondolewa, sentensi iliyobaki ingeweza kutoka katika kinywa cha yeyote. Kwa maneno mengine, dhima ya usemi ni ya kutoa taarifa, na kundi zima lina rejista moja ya adabu na uwajibikaji.

3.0 Ugomvi kama Kifungo cha Umoja

Mabadiliko yalikuja na toleo la kwanza la The Fantastic Four, lenye tarehe ya Novemba 1961, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Watu wanne wanarushwa angani kwa roketi, wanapigwa na miale ya anga, na kurudi wakiwa wamegeuka. Kabla ya safari, rubani Ben Grimm alikwisha kuonya juu ya miale hiyo. Anakubali kwenda baada ya Susan Storm kumtia katika aibu ya woga. Wenzake watatu wanapata nguvu wanazoweza kuzificha. Yeye anapata mwili wa mawe usiofichika, na anamlaumu Reed Richards kwa hilo. Kundi linazaliwa likiwa na lawama ndani yake.

Kisarufi na kimtindo, lawama hiyo ilihitaji wasemaji wanaotofautiana. Polepole Richards alipewa sentensi ndefu zenye istilahi za sayansi. Johnny Storm alipewa mzaha wa kijana. Grimm alipewa Kiingereza cha mitaa ya wafanyakazi wa New York, chenye matamshi yaliyofupishwa na matusi mepesi ya kirafiki. Kuanzia toleo la 3 wote walivaa sare ya buluu. Kadiri mavazi yalivyofanana, ndivyo sauti zilivyobeba mzigo wa kutofautisha. Jaribio la ubadilishanaji sasa linafaulu: Grimm hutambulika kwa nusu ya sentensi.

Namna ya utendaji kazi wa kampuni ya Marvel inasaidia kueleza jambo hili. Kwa kawaida mchoraji alipewa muhtasari au mazungumzo mafupi juu ya kisa, akachora kurasa nzima, na maneno ya viputo yakaandikwa baada ya picha kukamilika. Mgawanyo halisi wa ubunifu kati ya Lee na wachoraji wake umebishaniwa kwa miaka mingi, na makala hii haikusudii kuuamua. Lililo muhimu ni kwamba picha ilipokuwa imekwisha kueleza tendo, maneno hayakulazimika kulieleza tena. Yaliweza kueleza mtu.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka katika The X-Men, iliyoanza mwaka 1963. Katika matoleo ya mwanzo kabisa Hank McCoy, aitwaye Beast, alisema kwa ukali unaofanana na wa Grimm. Muda mfupi baadaye alianza kutumia msamiati mrefu wa kisomi. Mwili wake mkubwa kama wa sokwe haukubadilika. Lugha ndiyo iliyobadilika, na mhusika akawa mwingine. Katika The Avengers, iliyoanza mwaka huo huo, Thor naye alisogezwa hatua kwa hatua kutoka Kiingereza cha kawaida hadi Kiingereza cha kikale chenye viwakilishi vilivyokwisha kuacha kutumika. Sauti yake ya enzi nyingine ilikuwa ukumbusho, katika kila fremu, kwamba mmoja wa wanakikao si binadamu.

Hali hii inakaribiana na dhana ya usemezano inayohusishwa na Mikhail Bakhtin: matini haina sauti moja inayotawala, bali sauti zinazojibizana bila kumezana. Umoja wa The Fantastic Four haupatikani kwa kunyamazisha ugomvi. Wanachama hugombana kwa sababu kila mmoja anajua wengine watabaki kumjibu.

4.0 Upatanisho wa Kisarufi na Utu wa Ben Grimm

Ikiwa sauti ndizo zinazojenga kundi, tafsiri inayozisawazisha inalibomoa. Mfasiri wa Kiswahili atakayewapa wote Kiswahili sanifu kimoja atarudisha wahusika wa 1963 katika hali ya 1940. Njia mbadala nazo zina gharama. Thor akipewa msamiati wa tenzi za kale, sehemu kubwa ya msamiati huo bado inaishi katika Kiamu na lahaja nyingine za kaskazini. Msomaji wa Lamu hatasikia mungu wa kale, atamsikia jirani. Grimm akipewa Sheng, atahamia Nairobi na atapungua umri, kwa kuwa Sheng hubeba ujana ambao Kiingereza chake hakiubebi.

Hata hivyo, kuna mahali ambapo Kiswahili kinaweza kusema zaidi ya matini chanzi. Jina la kishujaa la Grimm ni The Thing, yaani kitu. Kiini cha mateso yake ni swali iwapo bado ni mtu. Kiingereza kinaliweka swali hilo katika jina na kuliacha hapo. Kiswahili hakiwezi kuliacha, kwa sababu kila kitenzi kinadai upatanisho.

Kanuni inafahamika: nomino ya kiumbe hai huchukua upatanisho wa ngeli ya A-WA hata ikiwa umbo lake ni la ngeli nyingine, kama katika "kifaru amekimbia". Upatanisho wa KI-VI kwa kiumbe hai hutumika kudunisha, kama katika "kitoto kile kinalia". Kwa hiyo "Kitu kimekuja" na "Kitu amekuja" si sentensi zenye uzito mmoja. Ya kwanza inamwondoa Grimm katika utu, ya pili inamrudisha. Ukichaguliwa ukubwa, "Jitu limekuja" inaongeza hofu na kumweka karibu na mazimwi ya ngano.

Mfasiri makini anaweza kugawa viambishi hivi kwa wasemaji. Umati unaokimbia barabarani useme "kinakuja". Maadui waseme "jitu hilo". Wenzake watatu, hata katikati ya ugomvi, wasiache kamwe A-WA. Grimm mwenyewe, anapokata tamaa, ajiseme kwa KI-. Alicia Masters, mchongaji asiyeona aliyeingia katika toleo la 8 la mwaka 1962, anamjua kwa kumgusa na kumsikia. Kwake yeye "amekuja" haina mjadala. Kwa njia hii kiambishi kimoja kinaonesha nani yuko ndani ya kundi na nani yuko nje yake.

5.0 Majina Bila Lugha

Swali la tafsiri linaweza kugeuzwa: katuni hizi, zilizojifunza kumpa kila mtu sauti yake, ziliwapa sauti gani wanachama wa Kiafrika? T'Challa, mfalme wa nchi ya kubuni ya Wakanda, alitokea mwaka 1966 katika The Fantastic Four, toleo la 52, na mwaka 1968 alijiunga na The Avengers, pia katika toleo la 52. Mpinzani wake M'Baku alitokea mwaka 1969. Kipashio kinachorudiwa katika majina haya ni ritifaa. Katika maandishi ya Kiswahili ritifaa ina kazi ya kifonolojia: inatofautisha sauti ya "ng'" katika "ng'ombe" na ile ya "ng" katika "ngoma". Katika T'Challa na M'Baku haitofautishi sauti yoyote. Ni alama ya kuonekana, si ya kutamkwa. Inamwambia msomaji kwamba jina ni la Kiafrika na kuishia hapo.

Kisa cha Ororo Munroe, aitwaye Storm, kinagusa zaidi. Aliingia mwaka 1975 katika Giant-Size X-Men, toleo la 1, lililoandikwa na Len Wein na kuchorwa na Dave Cockrum, akiwa Kenya ambako watu wanamwabudu kama mungu. Toleo la 102 la The X-Men, la mwaka 1976, lililoandikwa na Chris Claremont, linaeleza kwamba baba yake alikuwa Mmarekani na mama yake, N'Dare, alitoka Kenya. Maelezo yanayorudiwa juu yake hudai kwamba jina Ororo lina maana ya uzuri. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka mara moja kivumishi "-ororo", chenye maana ya ulaini: mkate mwororo, ngozi nyororo. Lakini mfanano wa sauti si etimolojia. Shina hilo halisimami bila kiambishi, na maana yake si uzuri. Ushahidi huo hauruhusu kulihesabu jina hilo kuwa la Kiswahili.

Tofauti inaonekana akiwekwa kando ya wenzake. Kurt Wagner anachanganya maneno ya Kijerumani, Piotr Rasputin ya Kirusi, na Sean Cassidy ana Kiingereza chenye lafudhi ya Kiayalandi. Storm ana Kiingereza rasmi, cha taratibu, kisicho na vifupisho, na viapo kwa mungu wa kike. Ni lahaja nafsi yenye heshima, na inafaulu jaribio la ubadilishanaji. Hata hivyo, haikujengwa kwa neno la lugha yoyote ya Kenya, nchi ambayo mwaka 1974, mwaka mmoja kabla ya toleo hilo, ilikuwa imeanza kutumia Kiswahili katika Bunge lake. Wenzake wa Ulaya walikuja na nchi na lugha. Yeye alikuja na nchi peke yake.

6.0 Hitimisho

Uchunguzi huu umeonesha kwamba historia ya katuni za makundi ya mashujaa ni, kwa sehemu kubwa, historia ya usemi: kutoka baraza la wasimulizi wenye rejista moja hadi kundi ambalo kila mwanachama ana lahaja nafsi. Kipimo kilekile kilichofichua mafanikio hayo kimefichua pia upungufu wake. Kwa mfasiri, hii ina maana kwamba uamuzi wa kwanza si istilahi za nguvu na silaha bali ni nani atasema vipi, na kwa upatanisho gani. Kwa mwalimu wa isimujamii na fasihi, katuni hizi zinatoa matini fupi ambazo mwanafunzi anaweza kuzifanyia jaribio la ubadilishanaji darasani. Jaribio hilo hilo linafaa kupelekwa kwenye katuni za Kiswahili zenyewe, kuona ni wahusika wangapi wangetambulika kwa sauti zao endapo nyuso zao zingefunikwa.