Plagi Haijui Jua la Mombasa

Gari kuukuu la spoti likianza kukatakata, neno la kwanza utakaloambiwa gereji ni plagi. Zinatolewa sita, zinatiwa sita mpya, pesa inalipwa, na baada ya wiki mbili gari linakata tena. Hapa kwetu Tononoka huongezwa ushauri mwingine ambao nimeusikia mara nyingi mno: kwa kuwa Mombasa kuna joto, tia plagi ya baridi zaidi. Ushauri huo umeharibia watu starehe ya magari mazuri, na ndio ulionifanya niandike makala haya.

Nitatumia mfano wa Datsun 240Z, gari ambalo Afrika Mashariki ina kila haki ya kulionea fahari. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda nalo tena pamoja na Lofty Drews, baada ya kulingana pointi na Harry Källström aliyeendesha Datsun ya aina nyingine. Injini yake inaitwa L24: silinda sita katika mstari mmoja, ujazo wa sisi 2,393, kabureta mbili, na silinda hedi ya aluminiamu. Mwenye Escort au MG ya zama hizo naye atafaidika, ila namba za plagi zake atazitafuta katika kitabu cha gari lake.

Tuanze na joto. Moto unaowaka ndani ya silinda unapita nyuzi 2,000 za selsiasi. Ncha ya plagi imesimama katikati ya moto huo, na kazi ya plagi, mbali na kutoa cheche, ni kuipitisha hari hiyo kwenye kauri nyeupe, kisha kwenye chuma chake, hadi kwenye silinda hedi. Ncha inatakiwa ikae baina ya nyuzi 450 na 870 hivi. Ikiwa chini ya 450, masizi hayaungui, yanajikusanya juu ya kauri, na umeme unapita humo badala ya kuruka na kutoa cheche. Ikizidi 870, ncha inakuwa kaa la moto linalowasha petroli kabla ya wakati wake, na pistoni inaweza kutobolewa.

Basi pima mwenyewe: siku ya kaskazi kali hapa kisiwani haifiki nyuzi 40. Kwa kitu kinachoishi katika mamia ya nyuzi, tofauti ya jua la Mombasa na ubaridi wa Limuru ni ndogo sana. Plagi huitwa ya moto au ya baridi kwa urefu wa pua yake ya kauri iliyo ndani ya silinda. Pua ndefu huchelewa kupoa, pua fupi hupoa upesi. Kinachoamua ipi itumike ni injini ilivyoundwa na namna unavyoliendesha gari.

Na tunaliendeshaje? Kutoka Tononoka hadi Mji wa Kale ni safari ambayo injini haijapata hata kushika moto sawasawa. Kuna foleni ya Digo Road. Kuna kungoja feri ya Likoni huku injini ikinguruma bure. Katika mwendo wa namna hiyo plagi haipati joto la kuchoma masizi. Ukiiongezea ubaridi kwa kuliogopa jua, umeinyima hata kile kidogo ilichokuwa nacho. Plagi ya baridi ni ya mtu anayekwenda mashindanoni, anayeikanyaga injini kwa saa nzima bila kuipumzisha.

Kwa L24 ambayo haijabadilishwa, plagi inayofaa ni NGK BP6ES, au BPR6ES ambayo ni hiyo hiyo iliyotiwa kizuizi cha ndani kinachopunguza kelele za redio. Ukibadilisha pointi za zamani ukatia mfumo wa kielektroniki, chukua yenye R. Herufi hizo zinasomeka. B ni kipenyo cha milimita 14 na kichwa cha spana ya milimita 20.8. P ni ncha iliyochomoza. E ni meno yenye urefu wa milimita 19. Namba 6 ndiyo kiwango cha joto, na kwa NGK namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi.

Hapo pana mtego. Denso nao huhesabu hivyo, lakini Bosch na Champion huhesabu kinyume: namba ikipanda, plagi inakuwa ya moto zaidi. Inayolingana na BP6ES ni Bosch W7DC, au Champion N9YC, au Denso W20EP. Muuza spea akikwambia ya 9 hakuna, chukua ya 7, muulize ya kampuni gani, kisha jua unaelekea upande upi. Urefu wa meno nao usiuchezee kamwe. Meno yakiwa mafupi, masizi hujaza nafasi iliyobaki kwenye hedi. Yakizidi, pistoni inaweza kuigonga plagi.

Swali la iridiamu huulizwa na kila kijana. Ni chuma kigumu kinachoyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,400, na plagi yake hudumu muda mrefu kuliko ya kawaida yenye ncha ya nikeli. Kwa gari la kisasa ambalo kuzifikia plagi ni kazi ya nusu siku, inunue. Kwa kabureta za mwaka 1971, ambazo siku moja zitamwaga petroli nyingi kupita kiasi, iridiamu itashika masizi vilevile, na umetupa pesa nyingi badala ya chache. Mimi ningenunua ya kawaida iliyo halisi. Nasema halisi kwa sababu za bandia zimejaa sokoni, ingawa Kenya ina sheria dhidi ya bidhaa bandia tangu 2008. Itazame ringi ya chuma iliyo juu ya meno: katika NGK halisi imebanwa, haitoki kwa kuvutwa na vidole. Tazama pia kama ncha ya kati imekaa sawasawa chini ya ulimi wake, na kama maandishi kwenye kauri ni safi.

Sasa bahari. Nimesema jua si hoja, lakini pwani ina mambo mawili yanayoigusa plagi kwelikweli. La kwanza ni uzito wa hewa. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa yake ni zaidi kidogo ya asilimia 80 ya ule wa kwetu. Fundi wa huko huipunguzia kabureta petroli ili ilingane na hewa hiyo nyepesi. Gari likiuzwa likashuka Mombasa, linakutana na hewa nzito, petroli inakuwa haba, na plagi zinatoka nyeupe kama mfupa, pengine na vipovu kwenye kauri. Mwenye gari hulaumu joto la pwani. Dawa ni kabureta. Zile za 240Z zina nati chini yake; ukiiteremsha kidogo kidogo petroli inaongezeka, na plagi zilezile zinarudia rangi yake. Nikiwafikiria madereva wa Safari ya zamani, waliopitisha injini moja katika miinuko tofauti ndani ya siku chache za Pasaka, heshima yangu kwa mafundi wao inazidi.

La pili ni unyevu na chumvi. Hivi huidhuru plagi kwa nje: kwenye waya, kwenye kofia ya distribyuta, kwenye kauri iliyoshikwa na mikono yenye oili. Umeme hutafuta njia rahisi na kuteleza juu ya uchafu ule. Fungua boneti usiku pasipo na taa, injini ikiwa inanguruma. Ukiona vijicheche vya buluu vikitambaa juu ya waya, plagi hazina kosa, nunua waya.

Kuzibadilisha si kazi ngumu, ila inataka subira, na injini lazima iwe imepoa. Aluminiamu ikiwa moto, meno yake hutoka pamoja na plagi, na hapo utamtafuta mtu wa kutia meno mapya. Weka alama kwenye nyaya, kwa kuwa mpangilio wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4 na ukibadilisha mbili tu gari litatikisika vibaya. Vuta kofia, usivute waya. Puliza vumbi lililo kwenye mashimo kabla hujalegeza kitu, maana mchanga ukiingia ndani ya silinda hauna pa kutokea. Pima mwanya wa plagi mpya kwa fila geji, milimita 0.8 hadi 0.9, na uurekebishe kwa kuukunja ulimi wa nje bila kuigusa ncha ya kati. Plagi iliyoanguka kwenye saruji usiitumie, kwani kauri hupasuka kwa ndani bila kuonekana.

Ingiza kwa vidole mpaka ikae. Ikigoma, itoe uanze upya. Usiilazimishe kwa spana. Ikishakaa, mpya hukazwa nusu duru au zaidi kidogo, na iliyokwisha kutumika sehemu ya kumi na mbili ya duru tu. Mwenye spana ya kupima nguvu aiweke kwenye nyutoni mita 25 hadi 30.

Zile kuukuu zipange mezani kwa namba zake, moja hadi sita. Kahawia hafifu au kijivu ni afya. Petroli isiyo na risasi, ambayo Kenya imeitumia pekee tangu 2006, huacha rangi iliyopauka kuliko picha za vitabu vya zamani, basi usishtuke. Nyeusi kavu kama moshi wa kibatari ni petroli iliyozidi au choki iliyosahauliwa. Nyeusi yenye majimaji ni oili, na hiyo ni habari ya ringi za pistoni au sili za valvu. Usizisome baada ya kuzunguka mjini, zitakudanganya. Vuka daraja la Nyali, endesha kwa mwendo mzuri hadi Mtwapa, zima injini ukiwa bado kwenye mwendo, egesha mahali salama, ngoja ipoe, ndipo utoe.

Halafu tazama zimegawanyikaje. Kabureta ya mbele hulisha silinda 1, 2 na 3, ya nyuma hulisha 4, 5 na 6. Tatu za nyuma zikiwa nyeusi na tatu za mbele zikiwa safi, usirudi dukani kununua plagi. Fungua kabureta ya nyuma, uangalie boya lake na sindano yake.