Je, Wajua? Mlimani, Makerere na Ubishi wa Vyuo Uliofika Manundu

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, ubishi wa vyuo hufika hadi Manundu, hapa Korogwe mjini. Huyu anaapia Mlimani, yule anasema UDOM ndiyo habari ya mjini, na hakosekani mzee wa kukumbusha kwamba zamani msomi alikuwa wa Makerere tu. Tuuchochee kidogo.

Je, wajua kwamba Makerere hiyo ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi? Vijana wa kwanza, ambao hawakufika hata 15, walifundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Mzazi mwenye mtoto VETA na asione haya.

Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nayo haikuzaliwa mlimani. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, chuo kilifunguliwa ndani ya jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Wanafunzi nao hawakufika 15. Kilima chenyewe walikipanda 1964.

Sheria ikabaki Dar. Nchi zetu ziliwahi kugawana fani kama ndugu wanaogawana shamba. Mwaka 1963 vyuo vya Kampala, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Mwalimu Nyerere akiwa Mkuu wake. Udaktari na kilimo vikawa Makerere, uhandisi na tiba ya mifugo Nairobi, sheria Dar. Kijana wa Korogwe aliyetaka uhandisi alitazama Nairobi, na wa Kampala aliyetaka uwakili akafunga safari ya Dar. Lilikuwa jambo la akili, maana fani hizo ni ghali. Lakini kila serikali ilitaka madaktari wake, wahandisi wake na jina lake, na mwaka 1970 muungano ukavunjika. Dar ikafungua kitivo chake cha uhandisi 1973. Nikiulizwa mimi, sehemu kubwa ya majigambo ya leo ilianzia pale.

Marais je? Nyerere na Mkapa walipita Makerere, na Kikwete na Magufuli Mlimani. Rais Samia alisoma Mzumbe, enzi kile kikiwa chuo cha uongozi wa maendeleo. Cha kuchekesha ni Museveni: kwao kuna Makerere, yeye akaja kuchukua shahada Mlimani, akahitimu 1970. Ubishi wa marais hauna mshindi.

Wajua kwamba hata Kiswahili kiliwahi kuhamia Makerere? Kamati ya kusanifisha lugha, iliyoundwa 1930, ilipelekwa Kampala mwaka 1952. Ndiyo, Kampala! Baadaye ilirudi Dar, na mwaka 1964 ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), iliyotuletea Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981.

Walio Mlimani walikuwa na silaha moja mfukoni: Ukumbi wao wa Nkrumah ulichapwa nyuma ya noti ya shilingi 500. Mwaka 2014 ikaja sarafu ya 500, na mahali pa ukumbi akakaa nyati.

Usomi wa Mlimani uliwahi kumkera Mwalimu Nyerere. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, yakiwemo makato ya mishahara yao ya baadaye. Aliwafukuza karibu 400, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wanaolilia bumu lililochelewa wanajua walikoponea.

Chuo cha kilimo cha SUA, Morogoro, wao hawabishani, wanaleta panya. Magawa, panya buku aliyezaliwa Tanzania na kufunzwa Morogoro na shirika la APOPO lililo pamoja na SUA, alinusa mabomu ya ardhini Kambodia hadi akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza, mwaka 2020.

Tusidhani ugonjwa huu ni wetu. Cambridge ilianzishwa na wasomi waliokimbia Oxford mwaka 1209 baada ya ugomvi na wenyeji wa mji. Tangu 1829 vyuo hivyo viwili vinashindana hata kupiga makasia.

Sasa ya hapa nyumbani, ambayo wabishi wa Manundu huisahau. Chanjo ya malaria, RTS,S, ilipofanyiwa majaribio makubwa kuanzia 2009, vituo vilikuwa 11 katika nchi 7 za Afrika, na kimoja kilikuwa Korogwe. Watafiti wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, walikwisha kufanya kazi hapa miaka mingi na wenzao wa hospitali ya KCMC, wa Chuo Kikuu cha Copenhagen na wa chuo cha London cha tiba ya magonjwa ya nchi za joto. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo kwa watoto. Jina la Korogwe limo katika majarida ambayo maprofesa wengi huota kuandikwa humo.

Na profesa tulikuwa naye. Stephen Ngonyani, mbunge wa Korogwe Vijijini tangu 2010 hadi alipofariki 2018, nchi nzima ilimjua kwa jina la Profesa Maji Marefu. Uprofesa huo hakupewa Mlimani wala Makerere. Alikuwa mganga wa jadi, na jimbo lilimpa ubunge mara mbili.