Pampu kubwa ya mafuta, na watoto kiti cha nyuma

Kijana akinunua gari lake la kwanza, haichukui muda ataanza kulalamika kwamba halikimbii. Barabara ya Kilwa imenyooka, mabasi ya Lindi na Mtwara yanampita, na fundi pale Kibiti kamshauri afunge pampu kubwa ya mafuta.

Mzazi ukiombwa mchango, uliza kwanza injini imeongezewa nini. Pampu haileti nguvu, inapeleka petroli tu. Injini ambayo haijaguswa huchukua kiasi chake kile kile, na inayozidi hurudi kwenye tangi. Pampu kubwa ina kazi gari likifungwa turbo au nozeli kubwa. Mara nyingi tatizo ni chujio lililoziba, hasa kwa sisi tunaojaza petroli ya madumu njia ya Nyamisati na vijiji vya delta. Maji na uchafu huingia humo humo. Chujio ni rahisi kuliko pampu, lakini nani atajisifia chujio?

Linalonitia hofu ni jingine. Katika magari mengi madogo ya Toyota, mfuniko wa pampu uko chini ya kiti cha nyuma, wanapokaa watoto. Mpira wake ukirudishwa vibaya, mvuke wa petroli unaingia ndani ya gari. Pampu kubwa pia hula umeme mwingi, na waya wa zamani hupata moto. Fundi asiweke fyuzi kubwa zaidi ili tu isiungue.

Kazi ikiisha, gari likiwa mahali pa wazi, bila sigara karibu, inueni kiti mnuse. Petroli ikinuka, watoto wasipande.