Kiraka kibovu cha bodi ya gari huanzia kwenye kukata bati

MADEREVA wanaotoka Segera kuelekea Dar es Salaam wakifika Msata hukuta njia panda. Anayenyoosha mbele huenda Chalinze. Anayekata kushoto huingia barabara ya lami ya kilomita zipatazo 64 inayoteremka hadi Bagamoyo, na wengi huifuata ili kukwepa msongamano wa Mlandizi na Kibaha. Magari yanayopishana hapo ni ya kila namna, lakini yale yaliyokaa miaka mingi upande wa pwani hujulikana kwa alama moja: rangi iliyovimba vipele chini ya milango na kuzunguka madigadi. Hiyo ni kutu, na mara nyingi inayoonekana nje ni sehemu ndogo tu ya ile iliyomo ndani.

Hewa ya bahari hubeba chembe za chumvi. Chumvi hiyo huvuta unyevu na kuyafanya maji yaliyogusana na chuma yapitishe umeme kwa urahisi zaidi, hivyo kutu husonga mbele kwa kasi kubwa kuliko bara. Baadhi ya magari yaliyotumika Japani, hususan katika mikoa yenye theluji ambako chumvi humwagwa barabarani wakati wa baridi, hushushwa bandarini yakiwa tayari yameanza kuliwa chini. Kuna pia uzembe wa kawaida tu. Kila mlango umetobolewa matundu madogo upande wa chini na kiwanda ili maji ya mvua yatoke. Yakizibwa na vumbi na majani, mlango hugeuka ndoo.

Mwenye gari la namna hiyo ana njia mbili. Ama hulipeleka kwa fundi bodi, ambaye mara nyingi yuko katika zile zinazoitwa gereji bubu, ama huifanya kazi mwenyewe uani kwake kwa grainda ya mkononi na mashine ndogo ya kuchomelea. Katika njia zote mbili, lawama za kiraka kilichobanduka au kupinda humwangukia mchomeleaji. Ukweli ni kwamba kiraka kingi kibovu huwa kimekwishaharibika kabla mashine ya kuchomelea haijawashwa, yaani wakati wa kuchagua bati na kulikata.

Unene wa bati hupimwa kwa geji, na kipimo hicho huwachanganya wengi kwa sababu namba inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Mabati ya kuezekea yanayouzwa kwa wingi madukani ni ya geji 28, 30 na 32. Geji 30 ni takriban milimita 0.3. Bodi ya gari dogo, kwa upande mwingine, huwa na unene wa kati ya milimita 0.7 na 0.9, ambao unakaribiana na geji 22 na 20. Kwa hiyo anayechukua kipande cha bati kilichobaki kwenye ujenzi wa nyumba na kukiweka kwenye mlango anatia kitu chenye unene usiofikia nusu ya kile alichokiondoa. Kwenye kuchomelea, kipande hicho hutoboka kabla bodi yenyewe haijapata moto wa kutosha kushikana nacho. Sakafu na kizingiti cha chini ya milango huhitaji bati nene zaidi, kwa kawaida geji 18, yaani milimita 1.2 hivi.

Mabati ya kuezekea yana tatizo jingine. Yamepakwa zinki, madini ambayo huanza kuchemka na kuwa mvuke kwenye nyuzi 907 za Sentigredi, wakati chuma chenyewe huyeyuka karibu na nyuzi 1,500. Maana yake ni kwamba huwezi kukichomelea chuma hicho bila kuifanya zinki kuwa moshi mweupe. Anayeuvuta huweza kupatwa saa kadhaa baadaye na homa, baridi ya mwili na maumivu ya viungo yanayofanana sana na malaria, na katika mkoa wa Pwani si ajabu mgonjwa akaenda moja kwa moja kununua dawa ya malaria. Imani iliyoenea miongoni mwa wachomeleaji kwamba maziwa husafisha kifua haina msingi. Maziwa huenda tumboni na moshi huenda kwenye mapafu. Kinachosaidia ni kusugua zinki iondoke pembeni mwa mahali pa kuchomelea, kufanya kazi palipo wazi na kutumia kinga ya pua inayofaa.

Bati linalofaa ni jeusi, lisilopakwa kitu, ambalo huuzwa kwa shiti ya futi nane kwa nne.

Kabla ya kuligusa, hata hivyo, hukatwa kwanza gari. Hapa ndipo huruma ya mwenye gari humponza. Hutaka tundu liwe dogo, hivyo hukata kwenye ukingo wa kutu na kuacha chuma kilichokwisha kuwa chembamba kama karatasi. Kiraka huchomelewa juu ya chuma hicho, kisha hufunikwa kwa puti nene, husuguliwa na kupigwa rangi. Baada ya msimu mmoja wa mvua vipele hurudi vikizunguka kiraka chenyewe. Inatakiwa kusugua rangi mpaka chuma cheupe kionekane, kisha kukata sentimita mbili au tatu ndani ya eneo hilo zima. Tundu litakuwa kubwa kuliko ilivyotarajiwa. Huwa hivyo karibu kila mara.

Umbo la tundu huchukuliwa kwa karatasi ngumu ya boksi, hukatwa hadi ikae sawasawa, kisha huchorwa juu ya bati kwa msumari wenye ncha kali. Kalamu ya wino mnene huacha mstari wa milimita mbili, na milimita mbili kwenye kazi hii ni nyingi. Pembe za kiraka hazifai kuwa kali bali za mviringo, kwa kuwa mtikisiko wa barabara hukusanya nguvu zake kwenye pembe kali na ufa huanzia hapo.

Kwa bati la geji 20 na 22, chombo bora bado ni mkasi wa bati. Hauna cheche wala joto. Mikasi ya kisasa yenye mikono ya rangi ina maana yake: nyekundu hukata kona ya kushoto, kijani kona ya kulia, na njano mstari ulionyooka. Anayeutumia hapaswi kuufumba hadi mwisho wa meno, kwani ncha zikikutana huacha mchaniko mdogo ukingoni. Tindo na nyundo juu ya kipande cha reli, njia ya mafundi wa zamani, hukata vizuri lakini hukunja ukingo, na itabidi ugongwe unyooke. Gesi haifai kabisa kwa kazi hii. Joto lake hulitanua bati upande mmoja, nalo likipoa hubaki na mawimbi yasiyonyooka tena.

Wengi, hata hivyo, huchukua grainda, na hicho ndicho chombo kinachohitaji tahadhari kuliko vyote. Jiwe la kukatia la milimita 115 limetengenezwa kuhimili mizunguko isiyozidi 13,300 kwa dakika, na lile la milimita 230 mizunguko isiyozidi 6,600 hivi. Yote mawili yana kikomo kimoja: ukingo wake usizidi kasi ya mita 80 kwa sekunde. Fundi anayeondoa kinga ya grainda ndogo, inayozunguka mara 11,000 kwa dakika, na kufunga jiwe kubwa ili likate ndani zaidi, huupeleka ukingo huo kwenye mita zaidi ya 130 kwa sekunde. Jiwe likipasuka katika kasi hiyo, vipande vyake havimpi mtu nafasi ya kuinama, na miwani ya jua si kinga. Mawe hayo pia huisha muda wake. Tarehe hupigwa kwenye pete ya chuma iliyo katikati, na kwa kawaida ni miaka mitatu tangu kutengenezwa.

Cheche za grainda hupenya mahali ambapo macho hayafiki. Zikigusa kioo cha mbele huacha vidoa vya chuma ambavyo havifutiki. Zikidondokea zulia au mabomba ya mafuta chini ya gari huwasha moto, na chini ya magari mengi ya pwani kuna kichocheo cha ziada: oili chafu, ambayo wenye magari huipaka kuzuia kutu. Oili hiyo lazima isafishwe kabisa kwanza, ama sivyo huwaka na kuujaza mshono wa kuchomelea vitundu. Betri hufunguliwa kabla ya kazi. Tangi tupu la petroli ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu ndani yake kuna mvuke uliochanganyika na hewa.

Yapo pia maeneo ambayo hayakatwi nyumbani hata kama zana zote zipo: chesisi, mahali zinapofungwa shokapu, sehemu za kufungia mikanda ya usalama, na nguzo ya katikati ya milango. Katika magari mengi ya karne hii nguzo hiyo imetengenezwa kwa chuma kigumu maalumu ambacho hupoteza ugumu wake kikichomwa, na karibu nayo huweza kuwamo fataki za kukaza mikanda na za mifuko ya hewa. Mlango uliotiwa kiraka vibaya utamtia mwenye gari aibu. Nguzo iliyotiwa kiraka vibaya itampokea abiria siku ya ajali. Kazi hiyo inastahili fundi aliyesomea, au aliyepimwa na kupewa cheti kupitia utaratibu wa urasimishaji ujuzi unaoendeshwa na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA.

Kiraka kilichokatwa vizuri hukaa kwenye tundu lake bila kulazimishwa, kikiacha mwanya usiozidi unene wa bati lenyewe. Hapo hushikizwa kwa nukta fupi fupi, moja huku na nyingine upande wa pili, ili joto lisirundikane. Kisha hupakwa praima nje na ndani. Upande wa ndani ndio husahauliwa zaidi, na ndiko maji ya mvua ijayo yatakakokaa, hasa kama fundi ameyaziba kwa puti yale matundu madogo ya chini ya mlango.